Jiko la kuchomea la umeme linalokunjika, la ndani: nimekwama kwenye bawaba na moshi

kijana_mabatini

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mwanza, mageti na madirisha ndo kazi yangu ya kila siku, ila kuna kitu nimekianza na sitaki kukiacha njiani kwa hiyo naombeni akili zenu.

Nimepanga chumba kimoja Mabatini, kule juu kwenye mawe, uwanja hakuna kabisa, ukifungua mlango umeshakanyaga ngazi ya jirani. Na sato wa kuchoma napenda sana jamani, siwezi kudanganya. Nikiwasha mkaa mlangoni moshi wote unaingia kwa dada wa pembeni ana mtoto mchanga, na kuingiza mkaa ndani sithubutu, kuna jamaa yetu alilala na jiko ndani mlango umefungwa asubuhi hakuamka. Nikasema basi natengeneza la umeme, na liwe la kukunja maana chumbani kwangu hakuna pa kuweka hata ndoo ya pili.

La kwanza nilitengeneza kama begi la mkononi, nusu mbili zimeshikwa na bawaba katikati, ukifungua zinalala sawa, kila nusu ina koili ya wati 900 yani jumla 1800, miguu inajikunja kwa chini, ukimaliza unalifunga unalisukuma chini ya kitanda. Nililipenda kweli. Wiki mbili za kwanza halina shida. Wiki ya tatu upande wa kulia ukawa unawaka unazima, ukiligusa kidogo linawaka, ukiacha linazima, siku moja nimegeuza samaki nikasikia paa! cheche kwenye bawaba, breka ikashuka nyumba nzima giza. Kufungua nakuta waya unaopita kwenye bawaba nyuzi za shaba zimebaki mbili tatu, na plastiki yake imekauka imekuwa kama ukoko wa wali, ukiikunja inavunjika.

Cha pili ni moshi. Mafuta yakidondokea kwenye koili ni moshi mtupu, nikichoma sangara ndo mnakohoa mpaka majirani.

Sasa nataka kutengeneza la pili. Waya nipitishe wapi ili usikatike? Moshi nizuie vipi? Na bati lipi zuri, maana la kwanza nilitumia vipande vya bati la mabati nilivyokuwa navyo na naona linabanduka unga mweupe.

---

fundi_umeme_igoma

Mkuu kwanza hongera, pili shukuru Mungu kwa hiyo breka. Erthi, ule waya wa tatu wa kupeleka ardhini umeme ukivuja, uliiunga kwenye bodi la chuma au uliunga nyaya mbili tu? Jibu hilo kabla ya lolote maana lile jiko ni chuma tupu na wewe unaligeuzia samaki kwa uma.

Waya wako ulikufa kwa mambo mawili kwa pamoja. Moja kukunjwa, shaba ukiikunja sehemu ileile kila siku inachoka nyuzi moja moja, na zilizobaki zinabeba mkondo wote zinapata moto zaidi. Mbili joto. Waya wa kawaida wa plastiki umetengenezwa kuvumilia joto la nyuzi 70 tu, sasa wewe umeupitisha sentimita chache kutoka kwenye koili nyekundu, na koili ikishakuwa nyekundu imeshapita nyuzi 600 hiyo. Ndani ya jiko tumia waya wa silikoni, unavumilia mpaka 180, uvishe na ile soksi ya nyuzi za kioo wanayotumia kwenye pasi.

Ila hata ukiweka silikoni mimi ningekushauri usikunje umeme kabisa. Fikiria tena ni kitu gani hasa kinachukua nafasi kwenye jiko lako. Koili yenyewe na wavu ni bapa, ukisimamisha pembeni ya kabati havionekani. Kinachokula nafasi ni miguu, trei ya chini na ukingo wa kuzuia mafuta yasiruke. Hivyo ndo ukunje. Koili iwe moja, kipande kimoja kilichonyooka, na umeme uingie pembeni sehemu moja tu kwa plagi ya kuchomoa kama ya birika. Ukitaka kukunja lazima kwanza uchomoe, kwa hiyo hata mtoto hawezi kulikunja likiwa linawaka.

Hesabu yako ya wati iko sawa. Kwa volti 230, wati 1800 ni kama ampea 7.8, soketi ya 13 inabeba bila wasiwasi, waya wa nje wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Usiunge kwenye zile ekstensheni nyembamba za kuchajia simu. Halafu jua umeme wa jioni kuna mitaa unashuka, ukifika 190 hizo wati 1800 zinabaki kama 1230 tu, maana nguvu inashuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo usije ukadhani koili imekufa, ni umeme mdogo. Ndo maana mimi nisingepunguza chini ya 1800.

Weka thamostati, ile inayokata na kuwasha koili kulingana na joto, na zaidi yake weka fyuzi ya joto, ile inayokata moja kwa moja thamostati ikigoma. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele na mtu akisahau jiko akalala ndo kitamuokoa.

---

mama_wa_sato

Mwanangu mimi sio fundi, nachoma samaki wa biashara miaka mingi huku Kirumba, wa mkaa, nyumbani nina la umeme la kawaida. Nikuulize, kwenye hilo jiko lako la begi samaki ulikuwa unamlaza wapi? Sato wa nusu kilo ana kama sentimita 28 kichwa mpaka mkia, lazima alale juu ya bawaba, na pale kwenye bawaba hakuna moto. Naamini ulikuwa unapata samaki kichwa kimeungua mkia umeungua katikati pale nyama nene inatoa damu kwenye mfupa. Hata waya usingekatika hilo jiko lisingeuzika, mteja anaanza kufungua katikati.

Upana wa wavu fanya angalau 30 kwa 40 walale wawili bila kugusana. Nyaya za wavu zisiwe nene sana wala zisiachane sana, sato akiiva nyama inalegea ukimgeuza anaingia kwenye nafasi. Zipite kwa urefu wa samaki, zisimkate kwa upana, hapo mwiko unateleza chini yake vizuri. Na ngozi kushika sio kosa la jiko, wengi wanaweka samaki wavu ukiwa wa baridi. Wavu upate moto kwanza, upake mafuta kwa kipande cha kitunguu, samaki umfute maji awe mkavu, halafu usimguse. Ukimjaribu anashika maana yake hajawa tayari kugeuzwa, muache, akiiva upande ule anaachia mwenyewe.

La mwisho ni kuosha. Mafuta ya sangara yakikaa usiku kucha kwenye kona na vitundu vya bawaba chumba chote kinanuka na mende wanahamia. Kila kinachoguswa na mafuta kitoke kiende kwenye beseni.

---

kijana_mabatini

Shikamoo mama. Umesema kweli tupu, ni hivyo hivyo katikati kulikuwa kubichi, mimi nikawa namzungusha samaki kama usukani nikadhani ndo kawaida yake. Hilo la nyaya kupita kwa urefu sikuwahi kuliwaza kabisa.

Fundi, erthi sikuunga. Nilitumia waya wa nyaya mbili. Nimekuelewa.

---

bwiru_boy

Kwa upande wa moshi, hapo moshi hautoki kwa samaki, unatoka kwa tone la mafuta linalotua kwenye kitu chenye moto mkali. Kwa hiyo kazi ni kuhakikisha tone halikai mahali pa moto. Weka trei ya maji chini ya koili, kina cha sentimita mbili hivi, maji hayawezi kupita nyuzi 100 mpaka yakauke, kwa hiyo mafuta yakitua pale yanapoa hayaungui. Koili yenyewe ikunje iwe ya mistari michache yenye nafasi, usiijaze kama nyoka, ili matone mengi yapite katikati yatue majini. Na chini ya wavu wako weka kipande chembamba cha stenlesi cha umbo la V kilichopinduliwa juu ya kila mstari wa koili, kama paa la nyumba, tone linatelezea pembeni. Moto unapungua kidogo lakini moshi unapungua sana. Mimi la kwangu lina hivyo na nachoma sebuleni dirisha moja wazi.

Trei chora mistari miwili ndani, ya juu na ya chini, mtu aone maji yakiisha. Maji yakiisha katikati ya kuchoma ndo moshi unaanza ghafla.

Bati la mabati achana nalo kabisa, ile zinki iliyopakwa juu yake haitakiwi kukaa juu ya nyuzi 200 muda mrefu, ndo huo unga mweupe unaouona na unadondoka kwenye chakula. Tafuta stenlesi. Bati la milimita 1 la 30 kwa 40 lina uzito wa kama kilo moja, kwa hiyo jiko zima na miguu utakuwa kwenye kilo nne hivi, mtu anabeba kwa mkono mmoja. Nyakato kwa mafundi wa SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, kuna wanaokunja bati vizuri kuliko kukunjia kwenye vaisi.

---

fundi_umeme_igoma

Hapo kwenye maji naomba niongeze, maji na umeme kwenye kitu kimoja ndo sababu nang'ang'ania erthi. Na chumbani kama boksi la breka la nyumba halina ile breka ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30, mwambie mwenye nyumba, au weka yako kwenye plagi.

Koili chukua ile ya bomba, waya uko ndani umezungukwa na unga mweupe wa magnesiamu oksidi. Huo unga unanyonya unyevu kwenye ncha zake, na huku kwetu ziwani jiko likikaa chini ya kitanda miezi miwili siku ya kuliwasha linaweza kuangusha breka ukadhani limekufa. Usilitupe, likaushe juani siku nzima. Na ncha za koili zisiwahi kuzama kwenye beseni, ndo maana nasema koili ichomoke peke yake, wavu na trei vioshwe.

---

neema_luku

Na sisi tunaochangia mita ya umeme ya LUKU mnatusaidiaje? Kwetu wapangaji tuko wanne mita moja, ukitoa kitu cha umeme tu tayari unaitwa kwenye kikao.

---

fundi_umeme_igoma

Dada wati 1800 kwa nusu saa ni uniti 0.9, kwa bei ya kawaida ya kama shilingi 356 kwa uniti hiyo ni shilingi 320, na thamostati ikiwa inakata na kuwasha inakuwa chini ya hapo. Nunua ile mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, inasoma uniti za kifaa kimoja, unawaonyesha wenzako unalipa zako. Kelele nyingi za LUKU zinakuja kwa sababu hakuna aliyepima.

---

bwiru_boy

Kijana kama unawaza kuuza, sio kutumia mwenyewe tu, nenda TBS, shirika la viwango, mapema kabla hujatengeneza mengi. Majiko ya kuchomea ya umeme ya kubeba yana kiwango chake cha kimataifa, IEC 60335-2-9, kinaangalia mambo hayahaya, joto la mishikio, erthi, waya kuvutwa, nini kinatokea likiachwa linawaka. Ukijua wanapima nini unachora kwa kufuata hicho tangu mwanzo. Na soko lipo, mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo 2034, na watu wa chumba kimoja ni wengi.

---

kijana_mabatini

Wabeja sana ndugu zangu, nimepata zaidi ya nilichouliza.

Nimechora upya usiku huu. Wavu mmoja 30 kwa 40 nyaya kwa urefu, koili moja ya bomba wati 1800 inachomoka pembeni kama ya birika, vipaa vya V juu yake, trei ya maji yenye mistari miwili inavutwa kama droo. Kinachokunjwa ni miguu minne na kingo tatu, basi. Nimepima kwa maboksi, likikunjwa linakuwa na unene wa sentimita 7, linapita chini ya kitanda changu nafasi inabaki. Waya nyaya tatu, erthi naikaza kwa nati kwenye bodi.

Swali moja limebaki kwa mama, kutoka wavu mpaka koili niache sentimita ngapi? Nimeweka 4.

---

mama_wa_sato

Marahaba. Nne ni karibu kwa samaki mzima, ngozi itaungua ndani bado. Weka vishikio viwili, cha 4 na cha 7. Mwanzie cha 7 mpaka macho yawe meupe, umalizie cha 4 apate rangi. Na ukilimaliza lilete Kirumba nilijaribu na samaki wangu.