Chembe nano za dhahabu zinageuka bluu nikizitia kwenye bafa, nakosea wapi?

Mtafiti_mpya
Wakuu naombeni msaada, wiki ya tatu sasa nimekwama. Natengeneza chembe nano za dhahabu (vipunje vidogo mno, vya kupimwa kwa nanomita) kwa njia ya sitreti. Nachemsha chumvi ya dhahabu, namimina sitreti ya sodiamu, baada ya dakika chache mchanganyiko unakuwa mwekundu. Kilele cha kufyonza mwanga kwenye spektrofotomita kiko nanomita 520, na zeta (kipimo cha chaji ya uso wa chembe) nimepata milivolti -38, kwa hiyo nikaamini ziko imara. Nikizihamishia kwenye bafa ya fosfeti yenye chumvi (kimiminika kinachozuia kiwango cha asidi kisibadilike) ili nizipachike protini, hazimalizi dakika: zambarau, kisha bluu, asubuhi nakuta mashapo meusi na maji yasiyo na rangi juu yake. Nimetikisa sana, hazirudi. Zinaokoleka kweli? Dhahabu niliyobaki nayo ni kidogo.

Koloidi
Pole sana mkuu. Upishi wako hauna kosa, kinachokuangusha ni chumvi ya bafa. Chembe zako zimevikwa sitreti yenye chaji hasi, ndiyo inayozifanya zisukumane. Ukitia chumvi, ioni za sodiamu zinazizingira na kuifunika chaji hiyo. Kwenye maji yenye chumvi milimola 1 kwa lita, msukumo unafika kama nanomita 10 kutoka kwenye uso wa chembe. Bafa za namna yako kwa kawaida zina chumvi ya milimola 137 hivi, na hapo msukumo haufiki hata nanomita 1. Mvutano wa van der Waals, ule wa asili kati ya chembe zilizokaribiana, unashinda, chembe zinagusana, na dhahabu ikishaungana na dhahabu ndiyo basi. Hizo hesabu umezipoteza, zikusanye kama mabaki ya dhahabu. Faraday aliliona hili mwaka 1857: kimiminika chake chekundu cha dhahabu kiligeuka bluu alipotia chumvi.

Bi_Maabara
Nakubaliana na Koloidi, ila hapo kwenye zeta pana mtego ambao wengi wananaswa. Ile kanuni kwamba zeta ikizidi milivolti 30, hasi au chanya, chembe ziko imara, ni mwongozo tu, na wewe ulipima kwenye maji safi. Namba hiyo inakueleza habari za maji safi, haikuambii lolote kuhusu bafa. Pima katika kimiminika utakachotumia. Halafu vyombo: vilisafishwa vizuri? Uchafu kidogo tu ukutani mwa chupa unaharibu kazi nzima.

Mtafiti_mpya
Vyombo nasafisha kwa asidi na kusuuza mara nyingi, Bi. Sasa nifanyeje, maana protini yangu inahitaji chumvi?

Koloidi
Usitegemee chaji peke yake. Tumia PEG (polima inayoyeyuka majini) yenye thioli, yaani kikundi chenye salfa, mwishoni. Salfa inaishika dhahabu kwa nguvu kuliko sitreti, na minyororo ya PEG inasimama ndani ya maji kama manyoya, chembe mbili haziwezi kukaribiana. Ulinzi huo hautegemei chaji, kwa hiyo chumvi haiuvunji kirahisi. Chagua PEG ambayo baadhi ya ncha zake zina kikundi cha asidi kiitwacho kaboksili, hapo ndipo utakapofunga protini. Mpangilio ni muhimu: PEG kwanza, chembe zikiwa bado kwenye maji, ziache usiku kucha, kisha ndipo bafa, tena kidogo kidogo. Jaribu kwenye mililita moja kabla ya kugusa akiba yako.

Mtafiti_mpya
Nimerudi. Nilitenga mirija miwili, mmoja wenye PEG, mwingine bila, yote nikaitia chumvi ileile. Usio na PEG umekuwa bluu papo hapo. Wenye PEG bado mwekundu saa sita baadaye, kilele nanomita 523. Nimefurahi mno, asanteni sana.

Bi_Maabara
Hongera! Kusogea nanomita tatu ni kawaida, uso umebadilika. Ila saa sita hazitoshi, pima tena baada ya siku tatu kabla ya kuweka protini. Ukiziosha kwa sentrifyuji (mashine ya kuzungusha mirija kwa kasi), punguza kasi, zikibanwa sana chini hazitawanyiki tena. Zihifadhi kwenye ubaridi wa nyuzi 4 na usizigandishe, barafu ikijijenga inazisukuma pamoja kwenye maji machache yaliyobaki.