Mnaotuambia "nunua hii gitaa" bila kuuliza tunapiga muziki gani, mmetuumiza

Jameni nimevumilia wiki mbili nzima lakini leo naandika tu. Mimi niko Arua, Uganda, nina kastudio kadogo nyuma ya nyumba, narekodi kwaya za kanisa, vijana wa mjini na wale wa muziki wa gitaa wa Kongo, maana huku mpaka uko karibu na watu wanataka sebene, ile sehemu ya gitaa za kasi ya kucheza, usipowapa sebene hawarudi. Mpiga gitaa wa kweli humpati kila siku na akipatikana anataka pesa yake kwanza. Ndiyo nikauliza humu kundini mwezi uliopita, gitaa gani ya kompyuta inasikika kama mtu anapiga? Majibu yakamiminika, nunua hii, nunua ile, hii ni moto. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza wewe unarekodi muziki gani. HAKUNA.

Nikauza spika zangu za pili nikanunua maktaba moja, yaani mkusanyiko wa sauti za gitaa zilizorekodiwa ambazo kompyuta inazipiga, jina silitaji, watu watano hapa waliisifu. Giga 30 na kitu, naishusha kwa bando la simu usiku tatu, na data yetu hapa Uganda tangu Julai 2021 inakatwa ushuru wa asilimia 12, usiku wa pili umeme ukaenda ikabidi nianze upya. Imeisha kushuka, naifungua, inapiga vizuri, baada ya muda kimya. Kumbe inataka Kontakt kamili, programu ya kufungulia maktaba, ile ya kulipia, mimi nina Kontakt Player ya bure, na ukifungua maktaba ya aina hiyo kwenye Player unapewa dakika 15 za kujaribu halafu inakatika. Nyinyi watano mnaitumia kila siku mlikuwa mnajua. Mngesema tu mstari mmoja, "angalia kwanza kama inakubali Player", ningebaki na spika zangu.

Lakini hilo dogo. Nikaenda kwa rafiki mwenye Kontakt kamili nikakaa siku mbili natengeneza wimbo wa kwaya. Ile maktaba ni ya mitindo iliyopigwa tayari, unashika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa kibodi yenyewe inakwangua nyuzi kama kwenye pop ya Marekani. Nzuri kwa huyo anayetaka pop. Mimi nataka gitaa tatu zinazosukana, ridhim chini, mi-solo katikati inazunguka haichoki, solo juu, kila moja inapiga noti yake na kuiachia nafasi mwenzake. Hakuna mtindo hata mmoja unaokaribia, na noti moja moja haikuruhusu kuandika. Nikamwita mzee mmoja mpiga gitaa, huwa anakuja kutoka Aru, ng'ambo ya mpaka Kongo, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, hii gitaa haina mkono." Halafu akaondoka na sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni kweli.

Sasa niwaambie mkono ni nini, maana humu watu wanabishana nembo tu. Gitaa ina nyuzi sita, kodi haiwezi kuwa na noti zaidi ya sita, na uzi mmoja hautoi noti mbili kwa wakati mmoja. Wewe unakandamiza kodi ya kinanda, noti tatu zimebanana katikati, zote zinagonga sekunde moja, halafu unalaumu sauti! Mkono ukishuka unaanza uzi mnene unamalizia mwembamba, ukipanda ni kinyume, na kati ya uzi na uzi kuna kamwanya kadogo sana, ukikaondoa sikio linajua. Uzi wa chini kabisa ukiwa umetuniwa kawaida ni E ya hertz 82, kwenye midi, namna kompyuta inavyoandika noti, ni namba 40, ukiandika noti chini ya hapo umeshatoka kwenye gitaa. Velositi, yaani nguvu ya kugonga noti, zote zikiwa 127, kiwango cha juu kabisa, hiyo ni mashine. Na noti ileile ikirudiwa mara nane lazima maktaba iwe na sampo, yaani rekodi za noti, tofauti za kubadilishana, la sivyo inasikika kama bunduki, na mi-solo ndiyo kazi yake hiyo, kurudia. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtu ni, unataka mitindo tayari au unataka kuandika noti mwenyewe? Mngeniuliza hilo ningejibu kwa neno moja.

Halafu ampu, kikuza sauti cha gitaa, hata kile cha programu. Hapa ndiyo hasira yangu yote iko. Kila mtu ananitumia preseti, yaani mipangilio tayari, za roki, distoshoni ya kukwaruza mpaka masikio yanauma, sebene inataka sauti safi inayong'aa, noti ikatike wazi! Na hakuna aliyesema kwamba maktaba nyingine zimerekodiwa tayari kupitia ampu, ukiweka ampu juu ya ampu unapata tope. Tafuta yenye DI, sauti kavu ya nyuzi. Kisha punguza kiwango kinachoingia, maana sampo nyingi zinaingia na nguvu kuliko gitaa halisi na ampu safi inaanza kukwaruza bila sababu. Kabineti, yaani boksi la spika la ampu, iwe moja tu. Ukiwa na programu yenye kabineti ndani halafu ukaongeza IR, faili inayoiga kabineti, nyingine, gitaa inajifunika blanketi, na usipoweka kabisa inalia kama nyuki kwenye debe.

Na pesa siyo jibu, hilo nimeligundua peke yangu baada ya kutupa hela. Neural Amp Modeler, programu ya kuiga ampu, ni ya bure, ya Steven Atkinson, watu wanaweka humo nakala za ampu halisi na unazipata bila kulipa, mimi nimepata nakala ya Roland JC-120, ile ampu safi iliyotoka 1975, nikaongeza korasi kidogo ya kutanua sauti na diley fupi ya mwangwi, mara moja gitaa ikafumbua macho. Ample Guitar M Lite, gitaa ya kompyuta, nayo bure, sampo zake ni za gitaa halisi la Martin D-41, siyo kamili lakini unaandika noti moja moja na inatii. Laptopu yangu ina RAM ya giga 8 na inabeba. Kwa nini mtu hakuniambia hivi kabla sijauza spika? Kwa nini kila anayeuliza anasukumiwa kitu cha bei kubwa kwanza?



Banange, tuheshimiane. Mtu akiuliza gitaa, muulize muziki gani, mashine gani, anapiga kibodi au anaandika kwa mausi, ndiyo upendekeze. Na kama wewe una kitu kinachopiga mi-solo kwa laptopu ya giga 8, taja jina, sema kinataka Kontakt ipi, na weka sauti kavu ya gitaa peke yake bila ngoma wala rivabu. Mzee anarudi Jumamosi na nataka nimpigie kitu kingine.