Naomba ushauri: Pesach na Jumapili ya Pasaka zimegongana

Wakuu, mwaka 2026 Pesach (Pasaka ya Kiyahudi, ambapo vyakula vilivyochachuka haviliwi) inaanza jioni ya Aprili 1 na kuisha usiku wa Aprili 9. Jumapili ya Pasaka ni Aprili 5, katikati kabisa. Baba Myahudi, mama kalelewa Kikristo, na bibi anakuja na keki na chapati zake.

Kuacha hamira hakutoshi: unga wa ngano ukikaa na maji dakika 18 bila kuokwa huhesabika umechachuka, kwa hiyo chapati nayo haipiti. Wali ndio utata: Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) wengi hawali siku hizo, Wasefaradi (wenye asili ya Hispania na Ureno) wengi wanakula.

Bibi aambiweje bila kuudhika? Na keki ya nazi na mayai, bila unga kabisa, inashikana kweli au inabomoka?