Tangazo kwenye gazeti la kago ya ndege, saraka ya mwaka au kutembea maonyesho: kipi kinamfaa wakala mdogo wa Malindi?

KaaWaNgomeni, Jumatatu usiku

Assalaam aleikum wanajukwaa.

Nina ofisi ndogo hapa Malindi. Kazi yetu ni kukusanya kaa wa mikoko kutoka Ngomeni na Marereni, na kambakoche wanaoshuka kutoka Lamu, kuwafunga wakiwa hai, kuwafikisha Mombasa au Nairobi na kuwakabidhi kwa fowada, yaani wakala wa kusafirisha mizigo, aliye na nafasi kwenye ndege. Mwaka wa sita sasa wateja wetu ni wale wale wanne, wote wa Nairobi. Mmoja akinyamaza wiki mbili, vijana wangu wa kufunga wanakaa bure, na wavuvi wananipigia simu sina la kuwajibu.

Nataka mafowada wa nje, hasa wa Dubai, Hong Kong na Guangzhou, wajue kwamba huku pwani ya kaskazini yuko mtu anayeweza kuwafungia mzigo ukafika hai. Nimeomba bei pahali patatu. Gazeti la kila wiki la biashara ya kago ya ndege, linachapishwa Ulaya: robo ukurasa wa rangi, mara moja, dola 1,100, nikichukua matoleo sita wanashusha hadi 800 kila toleo. Jarida la kila mwezi la fani hiyo hiyo lina saraka ya mwaka: nembo, mistari mitano, simu na tovuti, dola 650, kwa karatasi na mtandaoni. Wa tatu wananipa bango dogo ndani ya barua pepe yao ya habari ya kila asubuhi, wiki mbili, dola 700.

Rafiki yangu ananiambia niache yote, nipande basi niende maonyesho ya kago.

Nilichonacho ni dola 2,000, na nataka nimalize jambo hili kabla kaskazi haijaanza kuvuma. Aliyewahi kulipia tangazo la aina hii aniambie aliona nini.

MuuzaKurasa, Jumatatu usiku

Waaleikum salaam, kaka. Nimeuza nafasi za matangazo kwenye magazeti miaka mingi Nairobi na Mombasa, kwa hiyo nitakwambia mambo ambayo muuzaji wako hatakwambia.

Usianzie kwenye bei. Anzia kwa msomaji. Gazeti la kago husomwa na watu wa mashirika ya ndege, wapakuzi wa viwanja, mawakala wanaouza nafasi za mashirika, na mafowada. Mwenye mkahawa wa Guangzhou anayenunua kaa wako halisomi, wala mwenye soko la samaki Dubai. Ukitafuta mnunuzi wa kaa, njia zote tatu umekosea mlango. Ukitafuta fowada wa kushirikiana naye, hapo ndipo mahali pake. Wewe umesema mafowada, basi tuendelee.

Magazeti mengi ya fani hupelekwa bure kwa watu waliochaguliwa kwa kazi zao, na gharama yote inabebwa na matangazo. Ndiyo maana idadi ya nakala peke yake haina maana. Waombe cheti cha ukaguzi wa nakala. Uingereza ukaguzi huo unafanywa na ABC, na upo tangu 1931, kwa hiyo mchapishaji wa huko hawezi kujifanya hajui unazungumzia nini. Halafu waombe mgawanyo: nakala ngapi zinakwenda Ghuba, ngapi Uchina, na ngapi ni za mafowada. Akikujibu kwa jumla jumla tu, pesa zako zibaki mfukoni.

La mwisho, bei iliyo kwenye orodha yao ni ya kuanzia mazungumzo. Kwa desturi ya biashara hii kampuni ya matangazo inayoleta mteja hukatiwa asilimia 15. Wewe unakuja mwenyewe na tangazo lililokamilika, kwa hiyo omba ukatiwe wewe. Na siku mbili tatu kabla ya kufunga kurasa, nafasi iliyobaki wazi huuzwa rahisi sana kuliko kuachwa tupu.

BintiShela, Jumatatu usiku

Mimi nililipia, na ninaeleza kwa uchungu kwa sababu pesa zile zilikuwa za kununua friji.

Tunatuma samaki wa barafu kupitia uwanja wa Manda. Mzigo unavuka kwa boti kutoka Lamu, unapakiwa ndege ndogo hadi Nairobi, na kutoka huko unaendelea. Nilichukua robo ukurasa kwenye gazeti moja la nje, jina nalihifadhi. Niliandika namba yangu vizuri na +254 mbele. Mpangaji wao akaona ndefu, akaipunguza, ikatoka na sifuri ya nyumbani: 07 na kuendelea. Mtu wa Frankfurt ataipiga vipi? Na hata hiyo 07 ungehitaji miwani, maana waliweka picha ya jahazi baharini, bahari ya buluu, na maandishi yangu buluu hafifu juu yake. Nakala ninayo hadi leo. Ukiiinamisha kwenye mwanga wa dirisha ndipo namba inajitokeza.

Nilipata barua mbili tu, kwa anwani ya barua pepe, maana hiyo ilisomeka. Zote mbili zilitoka kwa magazeti mengine yakiniuzia nafasi.

Kwa hiyo ndugu yangu, usikubali wakutengenezee tangazo. Litengeneze mwenyewe, na kabla ya kuchapa waitishe nakala ya mwisho uisome namba kwa kidole, tarakimu moja moja.

MuuzaKurasa, Jumatatu usiku

Pole sana dada. Hiyo ulistahili kuchapishiwa tena bure, na muda wa kudai huwa mfupi, mara nyingi umeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya fomu ya oda. KaaWaNgomeni, isome fomu hiyo kabla ya kutia sahihi. Picha iwe na doti 300 kwa inchi, siyo ile iliyopita WhatsApp ikakondeshwa, na mandhari yazidi ukingo wa karatasi kwa milimita 3 ili kisu cha kukatia kisiache mstari mweupe.

NahodhaWaMtandao, Jumanne asubuhi

Mbona mnazunguka? Chukua bango la barua pepe. Karatasi huwezi kujua nani aliitazama. Barua pepe wanakuletea hesabu: waliofungua, waliobofya, wametoka nchi gani. Wiki mbili zikiisha una ushahidi mkononi.

MuuzaKurasa, Jumanne asubuhi

Hesabu ya kubofya ni kweli wanaitoa. Lakini bofyo linakupeleka wapi? Kama tovuti yako ni ukurasa mmoja wenye picha ya ufuo wa Malindi na maneno ya karibuni sana, mtu anabofya anaondoka. Na wiki mbili ni muda mfupi mno kwa fowada ambaye leo hana oda ya kaa. Siku akiipata, mwezi wa pili, atakutafuta wapi? Saraka iko mezani mwake mwaka mzima.

FowadaEmbakasi, Jumanne mchana

Mimi ndiye msomaji mnayemzungumzia. Ninafanya kazi upande wa kago JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, na magazeti hayo yanafika ofisini kwetu. Nitawaambia ukweli ninavyoyasoma: nasoma nikinywa chai, naangalia shirika gani limeongeza ndege, nani kahama kazi, nafasi za kwenda Ghuba zimekuwaje. Tangazo la "huduma bora, uaminifu, tunajali" silioni kabisa, na sidhani mwenzangu yeyote analiona. Jicho langu linasimama penye tarakimu.

Mfano. Shirika la ndege hutoza kilo za mizani au kilo za ujazo, zile zilizo nyingi. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 30 ni sentimita za ujazo 72,000. Gawanya kwa 6,000, unapata kilo 12 za ujazo. Kaa wako pamoja na vumbi la mbao lililolowa likisoma kilo 15, shirika linatoza 15, sawa. Sasa mwingine ananiletea boksi la 60 kwa 50 kwa 40. Hilo ni kilo 20 za ujazo. Kaa huwezi kuwapanga safu nyingi wakabaki hai, mizani inasoma 16, na mteja amelipia kilo 4 za hewa. Nikiona tangazo limeandika vipimo vya boksi, najua huyu anaijua kazi, nampigia.

Niambie pia kaa wanafungwa saa ngapi na wanafika saa ngapi, wangapi hufa njiani, na nani anashughulikia cheti cha afya. Na usiandike "uwanja wa ndege wa Malindi" kana kwamba ndege za mizigo zinatua pale. Njia ya kurukia haifiki kilomita moja na nusu, ya Mombasa imepita tatu, na watu wa fani hii wanalijua jambo hilo. Andika Mombasa, kilomita 120 hivi kwa lori la baridi.

Jambo jingine: magazeti haya yana njaa ya habari. Mhariri wao anapokea kila siku taarifa za mashirika makubwa zinazofanana. Ukimtumia aya tatu na picha nzuri ya jinsi kaa wa mikoko anavyofungwa Ngomeni, anaweza kuichapa bila senti. Hiyo siyo tangazo, hana deni la kuichapa, lakini kujaribu hakugharimu kitu.

MwanaKizingitini, Jumanne usiku

Salaam nyote. Mimi ni mvuvi, sijui mambo ya kurasa. Ninachojua ni bahari.

Tangazo likitoka mwezi wa tano na mtu wa Hong Kong akaagiza kambakoche, nani atakwenda kuwatoa? Wakati wa kusi bahari ya huku imechafuka, maji ni tope, mzamiaji haoni mkono wake. Msimu wetu ni kaskazi, Novemba hadi Machi. Nimeona mawakala wakiahidi tani huko nje, kisha wanakuja Kizingitini na Faza kutusukuma tushuke majini siku ambayo baba zetu wangekaa baraza wakishona nyavu. Kijana wa jirani yangu alipoteza mtumbwi kwa oda ya namna hiyo.

Na majike wenye mayai tafadhali msiwapokee, hata mvuvi akikubembeleza. Hao ndio kaa wa mwakani.

FowadaEmbakasi, Jumanne usiku

Shukran kwa hilo, na linaungana na jambo la kwetu. Kilele cha kaa na kambakoche ni mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari. Wakati huo huo maua ya Valentine yanabana nafasi Nairobi kiasi kwamba hata tumboni mwa ndege za abiria hupati pa kuweka boksi kumi. Ukisubiri hadi Januari ndipo utangaze, utapata oda bila ndege. Watu wazungumze nawe Oktoba, nafasi ziwekwe mapema.

BintiShela, Jumanne usiku

Kuhusu maonyesho, yule rafiki yako asipuuzwe. Air Cargo Africa ya kwanza, mwaka 2011, ilikuwa Nairobi, na 2025 yalirudi Nairobi tena. Mimi nilikwenda mara hiyo bila banda, na begi la sampuli za boksi. Kwa siku chache nilizungumza na watu ana kwa ana zaidi ya nilivyozungumza nao miaka mitatu ya barua pepe. Mmoja alilifungua boksi langu, akatia kidole kwenye tundu la hewa, akaniambia lisogezwe juu kidogo. Nililisogeza. Huyo ni mteja wangu hadi sasa.

Banda usikodi, bei yake haina huruma. Ila maonyesho yenyewe yanahamahama, na siku zile magazeti ya fani huchapa nakala za ziada na kuzigawa mlangoni. Ukiwa lazima utoe tangazo la karatasi, litoe toleo hilo.

KaaWaNgomeni, Jumatano alfajiri

Nimesoma yote nikiwa ghalani nasubiri gari la Marereni. Nawashukuru sana, na MwanaKizingitini, hilo la mtumbwi limenigusa. Majike wenye mayai hatupokei, na nitaliandika ndani ya tangazo lenyewe.

Matoleo sita nimeyaacha. Nachukua saraka, dola 650, nitaomba hiyo asilimia 15. Robo ukurasa nitachukua mara moja tu, mwanzo wa Oktoba, wakinipa mgawanyo wa wasomaji na bei ikashuka. Aya tatu na picha nitamtumia mhariri wiki hii. Kinachobaki nakiweka kwa safari ya maonyesho yatakapokuwa karibu nasi.

Maneno ya tangazo, kabla ya kuyatia Kiingereza:

"Kaa wa mikoko na kambakoche hai kutoka pwani ya kaskazini ya Kenya. Boksi 60 x 40 x 30, kilo 15. Hufungwa alfajiri, hukabidhiwa Mombasa siku hiyo hiyo. Msimu Novemba hadi Machi. Majike wenye mayai hurudishwa baharini. Cheti cha afya kwa kila shehena. WhatsApp +254..."

Picha ni ya mikono ya kijana wetu akifunga gando kwa kamba ya katani, hakuna jahazi.

MuuzaKurasa, Jumatano asubuhi

Zuri. Namba iwe nyeusi juu ya nyeupe. Na ukilipa benki, chagua mtumaji abebe gharama zote, la sivyo zitakatwa njiani, wapokee pungufu na wakusimamishie tangazo. Mhasibu wako akuangalizie pia VAT ya huduma ya nje, hiyo asilimia 16 isije ikakushtua baadaye.

FowadaEmbakasi, Jumatano asubuhi

Umeacha idadi ya wanaokufa. Iandike, hata kama ni watatu kwa mia.

KaaWaNgomeni, Jumatano asubuhi

Sijawahi kuihesabu sawasawa, kaka. Naanza leo, boksi kwa boksi, hadi mwisho wa mwezi wa tisa, kisha ndiyo naiandika.

FowadaEmbakasi, Jumatano asubuhi

Basi nitumie maboksi manne Alhamisi, nitayafungua mwenyewe hapa na kukuhesabia upande huu.