Naomba ushauri: kupanga nyimbo na kuchoma CD za mzee

Habari za leo wakuu. Mzee wangu ana gari la zamani, redio yake inakubali CD tu, haina hata tundu la flashi. Nimemkusanyia nyimbo za dansi na taarab kama 600 kwenye kompyuta, ila ni vurugu tupu: faili zimeandikwa "Track 01", "Track 01 (2)", na wimbo mmoja upo mara tatu.

Nimeanza kusafisha majina kwa Mp3tag, programu ya kurekebisha majina na taarifa za nyimbo. Kazi inakwenda, lakini nyingi ni za zamani, naandika mwenyewe jina la bendi na mwimbaji, moja moja. Macho yanauma.

Kasheshe ni kuchoma. CD ya kawaida ya muziki inabeba dakika 80 tu, na taarab moja inaweza kula dakika 15! Nikachoma ya data yenye MP3, redio ikaitema. Nikachoma ya muziki kwa kasi ya juu, ikawa inarukaruka kuanzia wimbo wa nne. Nishushe kasi, au tatizo ni CD zenyewe za bei poa?

Halafu, kuna programu ya bure ya kusawazisha sauti? Wimbo mmoja unanong'ona, unaofuata unamshtua mzee barabarani.