Eti mpira ukifika kileleni mchapuko ni sifuri? Watoto wanakoseshwa jibu sahihi!

Wakuu, nimekasirika na sitanyamaza. Mdogo wangu karudi na karatasi ya mtihani wa fizikia, mada ya mwendo katika mstari mnyoofu. Swali: mpira umerushwa wima kwenda juu kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Ukifika kileleni, mchapuko wake ni upi? Akaandika mita 10 kwa sekunde kila sekunde, kuelekea chini. Kapigwa kosa, na pembeni kwa wino mwekundu: "Sifuri. Mpira umesimama."

Kilichofika sifuri ni kasi, tena kwa nukta moja tu! Mchapuko ni kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde. Hesabuni wenyewe, juu tukiite chanya: mwanzo 20, baada ya sekunde moja 10, ya pili 0, ya tatu hasi 10, ya nne hasi 20. Kila sekunde zinatoka 10 zilezile. Kama pale juu mchapuko haupo, ni nini kinachoitoa kasi kwenye sifuri na kuurudisha mpira chini? Kutoka kileleni unashuka mita 5 katika sekunde ya kwanza na 15 katika ya pili. Moja kwa tatu, uwiano uleule aliouchapisha Galileo mwaka 1638. Miaka yote hiyo, na bado mtoto ananyimwa alama!

Halafu kuna hili wanalokaririshwa, kwamba mchapuko hasi maana yake kitu kinapunguza mwendo. Si kweli! Tazameni sekunde ya tatu hadi ya nne: mchapuko ni hasi 10, na mpira unazidi kukimbia. Alama inaonyesha upande tu. Kitu hupunguza mwendo pale kasi na mchapuko vinapoelekea pande tofauti, basi.

Nilimtuma akamuulize mwalimu kwa adabu. Akafunuliwa mwongozo wa kusahihisha: sifuri, mjadala umefungwa. Nataka mwongozo huo urekebishwe na alama zake 2 zirudishwe, kwa sababu jana usiku nimemkuta na ufutio mkononi. Kafuta ile 10 kwenye daftari mpaka karatasi imechanika, kaandika 0. Ananiambia, "Kaka, mtihani ujao sitaki kukosa tena."