Nikipiga 116, simu ya msaada kwa watoto, kuhusu mtoto wa chumba cha jirani, jina langu litafika uani?

MamaVitumbua

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Naishi Mbagala, nyumba ya kupanga, vyumba sita, choo kimoja, bomba moja, luku ya kuchangia. Dari hakuna. Ukuta kati yangu na jirani unaishia kwenye kenchi, akikohoa nasikia, nikikohoa anasikia. Huyo jirani ni dereva wa bodaboda, ana mke na mtoto mchanga, na tangu mwaka jana wanakaa na mtoto wa marehemu kaka yake. Mvulana, yuko darasa la pili. Anakojoa kitandani.

Mimi nauza vitumbua, kwa hiyo saa tisa usiku nishaamka nawasha jiko. Saa kumi baba yake mdogo anaamka kuwahi abiria, na akikuta godoro limelowa anampiga. Si makofi mawili ya mzazi. Ni waya. Mlio wake naujua sasa, na mgongo wa yule mtoto nimeuona akioga bombani. Kukikucha hupigishwa magoti uani na shuka lake kichwani, hiyo sote tumeiona tukapita na ndoo zetu. Zamani alikuwa akilia anaambiwa "ukilia naongeza." Siku hizi halii kabisa. Ndiyo iliyonifanya niandike.

Shida yangu: saa kumi nani mwingine yuko macho? Akija mtu hapa akasema "tumesikia unampiga mtoto alfajiri", hata asipotaja jina, uani wote utaligeukia jiko langu.

Na kuna linalonikaba zaidi. Mwanangu alipopata degedege mwaka juzi, ni huyuhuyu baba aliyetupakia kwenye pikipiki usiku hadi hospitali, na hela ya mafuta alikataa. Mkewe ndiye katibu wa kikoba chetu.

Kwa viongozi wa mtaa siendi. Nyumba ya pili kutoka hapa dada mmoja alipeleka habari kama hii asubuhi, jioni mtuhumiwa akawa mlangoni kwake: "Kwa hiyo mimi ni muuaji?" Mwezi haukuisha, akahama.

Namba 116 nimeiona imebandikwa zahanati. Wanauliza jina? Namba yangu ya simu wataiona? Afisa akija atasema katumwa na nani?

Mtu wa Rangi Tatu

Mama, kodi umelipa miezi mingapi? Anzia hapo. Mambo ya ukoo huisha yenyewe, wewe ndiye utabaki adui.

MamaVitumbua

Nimelipa mitatu, imebaki miwili. Lakini kaka yangu, ukoo wenyewe uko wapi? Baba kafariki, mama kaolewa huko Lindi na simu hapokei. Ukoo ni huyo mwenye waya.

MstaafuUstawi

Mwanangu, nilikuwa afisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri mbili mpaka nikastaafu. Nikujibu kwa mpango.

116 ni bure, usiku na mchana. Ukikataa kutaja jina, taarifa yako inapokelewa vilevile. Namba yako itaonekana kwao kama inavyoonekana kwa yeyote unayempigia, lakini haisafiri na taarifa kwenda kwa mlezi. Ikikusumbua, piga kwa simu ya mtu mwingine. Ila ukiacha njia ya kupatikana inasaidia, maana afisa akikwama njiani hana wa kumuuliza.

Kisheria hufanyi umbea. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inasema ni wajibu wa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuipeleka kwa serikali ya eneo lake. Afisa ustawi akishaipata anaweza kumwita mlezi wazungumze. Hapo kwenye kuitwa ndipo pana moto, maana swali la kwanza la mlezi huwa "nani kasema?" Nimeulizwa hilo kuliko swali jingine lolote maishani. Nilikuwa najibu: "Nimekuja kwa habari ya mtoto. Watu wazima tuwaache." Na ninarudia hivyohivyo mpaka achoke.

Ipo pia sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Aliyepokea taarifa akitoboa jina la aliyeileta, yeye ndiye mwenye kosa. Sharti lake uwe na nia njema, kwamba unaamini unachosema na hukumzushia mtu.

Ila sheria haijui kenchi. Kwenye nyumba yenu kitakachokutaja ni saa kumi, jina lako halihitajiki hata kidogo. Hilo umeliona mwenyewe, na watu wengi hawalioni. Kwa hiyo anayepokea simu mweleze yote, pamoja na saa, kisha mwambie waziwazi: "Hili la alfajiri lisifike kwa mlezi, litanitambulisha." Halafu mpe yale ambayo uani wote unayajua: magoti na shuka, mgongo bombani, siku asizokwenda shule. Afisa anayeijua kazi yake huanzia shuleni, kwenye daftari la mahudhurio, na mlezi ataamini yametokea huko.

Sasa upande ambao hautaupenda. Ukienda mwenyewe polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, ukaandikisha maelezo, unatia sahihi na wewe ni shahidi. Kesi ikifika mahakamani mshtakiwa ana haki ya kukusikia na kukuhoji. Siri ya mtoa taarifa ni kitu kimoja, shahidi ni kingine, usikubali mtu akuchanganyie. Nilizoziona mimi, nyingi zilisimama kwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeraha, iliyojazwa na daktari na kwa maneno ya mtoto mwenyewe. Tangu Sheria ya Ushahidi ilipobadilishwa 2016, mtoto wa umri huo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli.

Na usiku ukisikia amezidiwa, hesabu hizi zote ziache. Piga kelele, gonga mlango.

Ticha wa Darasa la Pili

Mzee kasema yote, mimi niongeze kosa langu ili dada asilirudie.

Nilikuwa na mwanafunzi anavaa sweta Januari, Dar hii hii. Nikamwambia ajikunje mikono, nikaona. Badala ya kwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa malezi, nikalitoa ofisini wakati wa chai, na humo alikuwemo ndugu wa yule mama. Mimi sikupata shida yoyote. Mtoto ndiye aliyepata: kesho yake hakuja, wiki mbili hakuja, tukaja kuambiwa kapelekwa kijijini. Hatukumpata tena.

Watu wakisikia siri wanafikiri ni kumlinda aliyesema. Taarifa ikimfikia mpigaji kabla ya afisa, anayehamishwa ni mtoto. Ukienda shuleni kwao muone mwalimu mmoja, faragha, na mwombe asiijadili na mtu.

Nyuki wa Kisauni

Huku Kenya pia namba ni hiyohiyo 116, na Sheria ya Watoto mpya ni ya 2022. Lakini mtaani watu bado huenda kwa chifu, na ofisi ya chifu ina benchi ndefu nje na masikio mengi juu yake. Dada piga simu, usiende kuketi kwenye benchi ya mtu.

MamaVitumbua

Mrejesho, wakuu. Wiki tatu zimepita.

Nilipiga Jumatatu mchana nikiwa sokoni kununua mchele, nimejibanza nyuma ya magunia kama mwizi. Dada aliyepokea aliuliza kwanza kama mtoto yuko salama sasa hivi, kisha umri, mahali, shule. Jina langu aliliuliza mwisho. Nikasema sitaki kulitaja. Akasema sawa, mama. Nikamweleza habari ya saa kumi na jinsi itakavyonitaja, nikamwomba. Alinisomea alichoandika cha kupeleka mbele: magoti, shuka, alama mgongoni, utoro. Alfajiri haikuwemo.

Siku nane baadaye baba yake mdogo aliitwa shuleni, akamkuta afisa anamsubiri. Aliporudi alikaa juu ya pikipiki uani, injini inaunguruma, hashuki. Nilikuwa nachambua mchele. Mikono ilinitetemeka, mchele na mawe nikavichanganya upya.

Tangu siku ile waya sijausikia. Wamempangia tarehe za kuripoti kwa afisa, na wamempa karatasi ya kumpeleka mtoto zahanati kwa ajili ya huko kukojoa. Nailoni ya kutandika juu ya godoro imenunuliwa, naiona ikianikwa. Juzi saa kumi kasoro nilimsikia: "Amka, nenda kakojoe." Kwa hasira, lakini maneno matupu.

Jambo jipya ni hili. Wameshaamua kwamba aliyesema ni mama Zai wa chumba cha tatu, kwa sababu binti yake anasoma darasa moja na yule mtoto. Hasalimiwi. Maji yake ya bombani yamemwagwa mara mbili. Kwenye kikoba juzi alipoomba mkopo wa kununua cherehani, katibu akasema daftari halijakaa sawa, na mimi ninajua limekaa sawa, nililiona. Nilinyamaza. Mama Zai ananiuliza "hivi mimi nimewakosea nini?" nami nampa vitumbua viwili vya bure kama fala.

Nikimtetea najitaja. Nisipomtetea, yeye ndiye anayelipa.

MstaafuUstawi

Usijitaje, hata kwa mama Zai. Akiulizwa kwa ukali, atajitetea kwa jina lako, na sitamlaumu.

Lakini mbele ya watu unaweza kusema lililo kweli: mtoto yule alipigishwa magoti uani na shuka kichwani, na kila mpangaji aliona, kwa hiyo angeweza kusema yeyote kati yenu. Kwa maneno hayo unakuwa umejiweka kwenye kundi pamoja na wenzako wote. Mkopo mtetee kwa daftari, peke yake, siku nyingine.

MamaVitumbua

Hilo la shuka kweli wote waliliona. Hata mwenye nyumba, alikuja kuchukua kodi siku moja akamruka yule mtoto pale mlangoni.

Kikoba ni Jumapili. Nitaanza na la shuka.